Upanga Usiotoka Alani: Hukumu na Amani katika Baraza la Washairi wa Welisi

Katika kikao kikuu cha washairi wa Welisi kuna upanga mkubwa ambao hauchomolewi ukatoka wote. Mshairi aliyeshinda husimamishwa mbele ya umma, upanga huinuliwa juu yake, huvutwa nusu, na Mdruidi Mkuu huuliza kwa sauti kama kuna amani. Ukumbi mzima humjibu kwamba amani ipo. Swali huulizwa mara tatu na jibu hutolewa mara tatu, na kila jibu likitoka upanga husukumwa kurudi alani mwake. Ndipo mshairi anapokalishwa kwenye kiti alichokishinda.

Msomaji wa Pwani hatashangazwa na hesabu hiyo ya tatu. Hodi nayo hupigwa mara tatu, na asiyeitikiwa hugeuka akaenda zake. Aliye ndani ndiye mwenye kauli. Sherehe ya Welisi imejengwa juu ya adabu iliyo karibu na hiyo: mwenye upanga hana idhini ya kumkalisha mshairi kitini mpaka umma umpe. Linalofaa kuchunguzwa ni kama idhini hiyo ina uzito wowote, au ni itikio la mazoea kama la watoto wa chuoni.

Welisi ni nchi ya milima na mabonde iliyopakana na Uingereza upande wa magharibi. Ina watu takriban milioni 3, na katika sensa ya 2021 waliosema kwamba wanazungumza Kiwelisi walikuwa kama 538,000. Kila mwaka, mwanzoni mwa Agosti, wasemaji hao hukusanyika kwa tamasha la ushairi, nathari na muziki liitwalo Eisteddfod. Jina hilo limetokana na kitenzi cha kukaa, na Kiswahili hakihitaji kwenda mbali kupata mwenzake: baraza ni kile kibao cha mawe kilicho nje ya nyumba, na baraza ni wazee waliokaa juu yake wakaamua jambo. Jumuiya ya washairi inayosimamia sherehe za tamasha inaitwa Gorsedd, na maana yake ni kiti cha enzi. Viti wanavyoshindania washairi ni viti kweli, vya mbao zilizochongwa kwa ufundi, kipya kila mwaka, na aliyepata kuviona viti vya enzi vya Lamu na Unguja ataelewa mara moja kwa nini mtu mzima aliye na shamba na mifugo yake huhangaika mwaka mzima kwa ajili ya kiti.

Wanachama wa Gorsedd huitwa madruidi, na neno hilo limeleta kelele nyingi zisizo na maana. Jumuiya hiyo si dini. Wakuu wake wengi wa zamani walikuwa wachungaji wa makanisa, miongoni mwao Hwfa Môn na Dyfed, na Rowan Williams alipoingizwa mwaka 2002, akiwa ameteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, magazeti ya London yalipiga ukelele kwamba askofu ameritadi, ilhali watu wa Welisi waliona tu kwamba mshairi na mtaalamu wa kwao ameheshimiwa. Kuna vyama vingine vya kisasa vinavyoabudu kwa jina la udruidi. Hivyo ni habari nyingine.

Madruidi wa kale hasa tunawajua kupitia maadui zao. Julius Caesar, aliyewapiga vita Wagauli katika karne ya kwanza kabla ya Nabii Isa, ameeleza kwamba madruidi ndio waliokata takriban mashauri yote: mauaji, mirathi, mipaka ya mashamba. Walikutana mara moja kwa mwaka mahali patakatifu katika nchi ya Wakarnuti, na wote waliokuwa na ugomvi walikwenda huko. Asiyeitii hukumu alizuiliwa ibada, akaepukwa na watu kama mwenye ukoma, na hapakuwa na adhabu kubwa kuliko hiyo. Juu yao alikuwako mkuu mmoja; akifa, hurithiwa na aliyewazidi wenzake kwa heshima, na wakilingana wengi hupigwa kura, na mara nyingine hushikwa silaha. Maneno hayo ya mwisho yana kejeli yake. Waamuzi wa ugomvi wa watu wote waliweza kupigana wenyewe kwa sababu ya cheo.

Aliyeichukua habari hiyo kongwe na kuigeuza kuwa sherehe ya washairi ni Edward Williams, mwashi wa mawe kutoka Glamorgan, aliyejiita Iolo Morganwg. Alizaliwa 1747 akafa 1826. Shule hakwenda, herufi alizijua kwa kumtazama baba yake akichonga majina kwenye mawe ya makaburi, na mengine alifunzwa na mama yake. Tarehe 21 Juni 1792 aliwakusanya wenzake juu ya kilima cha Primrose Hill, London, wakapanga mawe duara, wakaweka upanga ulio wazi, kisha wakaurudisha alani kuwa alama ya amani. Alidai kwamba sherehe hiyo haikukatika tangu enzi za madruidi na kwamba washairi wa Glamorgan waliihifadhi kwa siri. Madai hayo yalikuwa ya kubuni. Vivyo hivyo baadhi ya mashairi aliyoyatoa na kuyanasibisha na Dafydd ap Gwilym, mshairi mkubwa wa karne ya 14, yaliyochapwa 1789 mwishoni mwa diwani ya mshairi huyo. John Morris-Jones aliushambulia ukongwe wa Gorsedd mwaka 1896, na Griffith John Williams akalimaliza jambo lote katika miaka ya 1920.

Mhakiki afanye nini na msingi wa namna hiyo? Wapo waliotaka jengo livunjwe. Lakini mashairi ya kughushi ya Iolo yalisifiwa na wajuzi kwa zaidi ya miaka 100, na sifa hizo hazikuwa za kughushi. Pwani ya Waswahili nayo inazo tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo ambazo hakuna awezaye kuapa kwamba ni zake, na hakuna aliyezitupa baharini kwa sababu hiyo. Kosa la Iolo ni la mwanahistoria. Ukiutazama ule mpango wa sherehe kama utungo, ambao ndio uhakika wake, utaona kwamba mtunzi alichagua kwa makini. Aliacha adhabu ya kutengwa. Aliacha silaha za kugombea ukuu. Alichukua upanga peke yake, akaunyima nafasi ya kutoka. Mwaka 1793 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani, na wakuu wa serikali wakavitazama vikao vya mwashi huyu kwa jicho la shaka, maana alikuwa mpinzani wa vita na wa utumwa pia. Katika duka lake la Cowbridge hakutaka kuuza sukari iliyolimwa na watumwa.

Mwaka 1819, katika bustani ya nyumba ya wageni mjini Carmarthen, Gorsedd iliunganishwa na mashindano ya ushairi, na tangu hapo vitu hivyo viwili havijaachana. Utawala wake wa leo ni mwepesi kueleza. Lipo bodi, yupo Mdruidi Mkuu anayechaguliwa kwa muhula wa miaka 3, yupo mtunza kumbukumbu, yupo mwenye kuhifadhi upanga, yupo mpanga maandamano. Mtu huingia kwa mtihani, au kwa kushinda tuzo kubwa, au kwa kuheshimiwa kwa utumishi wake. Sharti la lugha halina msamaha: shughuli zote ni kwa Kiwelisi. Tangu 1932 hawezi kuchaguliwa kuwa Mdruidi Mkuu ila aliyepata kushinda, kwanza kwa Kiti au Taji, na baadaye Medali ya Nathari ikaongezwa. Robyn Léwis, aliyeshika ukuu 2002, alikuwa wa kwanza kupita kwa mlango wa nathari. Mwanamke wa kwanza kuushika ni Christine James, 2013, naye Kiwelisi alijifunza. Hakukinyonya kwa mama yake. Hadi 2012 rangi za kanzu zilionyesha daraja, kijani chini, samawati kati na nyeupe juu. Manung'uniko yalipozidi daraja ziliondolewa: sasa wote ni madruidi sawasawa, na rangi huonyesha tu ni kazi gani iliyomleta mtu. Mawe yenyewe ya duara siku hizi ni ya faibaglasi na hubebwa kwa lori kutoka mji hadi mji, jambo ambalo Iolo, mwashi, angelisemea maneno makali.

Hata hivyo hukumu haitoki kwenye duara la mawe. Mashauri ya ushairi hukatwa mezani pa majaji watatu, miezi kabla ya sherehe. Washindani huleta tungo zao kwa majina ya bandia. Kila jaji huandika hukumu yake kamili, akizitaja tungo moja moja kwa majina hayo, hata zile dhaifu, na kusema kosa liko wapi. Wakiona hakuna aliyefaa, kiti hubaki kitupu mwaka huo. Na hukumu hizo, pamoja na tungo zilizoshinda, huchapwa kitabu ambacho huuzwa tamashani mara sherehe ya kiti inapokwisha. Hapa ndipo penye nguvu ya mfumo wote. Aliyeshindwa huenda na kitabu chake nyumbani akasoma sababu. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kukubali ni kwepesi kwa aliyeelezwa kuliko kwa aliyenyamaziwa.

Majaji hukosea, na makosa yao hubaki kwenye maandishi. Mwaka 1928, huko Treorchy, awdl ya Gwenallt juu ya mtakatifu ilikuwa bora kuliko zote, lakini majaji waliona kwamba tamaa za mwili zimeelezwa humo waziwazi kupita kiasi. Kiti hakikutolewa. Miaka mitatu baadaye Gwenallt alishinda kwa utungo mwingine, na leo ni shairi lile lililokataliwa ndilo linalosomwa zaidi.

Mashauri mawili ya miaka ya 1970 ni magumu kuliko hilo, kwa kuwa hayakuhusu ladha ya majaji bali kanuni. La kwanza ni la Cardigan, 1976. Utungo uliowekwa mbele kwa ajili ya Kiti ulikuwa wa Dic Jones, mkulima wa Blaenannerch, maili chache tu kutoka mji huo. Kwa ukaribu huo alikuwa ndani ya kamati ya wenyeji iliyohusika na maandalizi ya fasihi, na kanuni ilimkataza mwana kamati kushindana. Hakuna aliyedai kwamba aliiba siri yoyote. Hata hivyo jina lake liliondolewa, na Kiti akapewa Alan Llwyd, aliyekuwa wa pili, naye akakipokea bila furaha. Alan Llwyd hakuwa mtu wa kuokota vya wengine: mwaka huohuo alishinda Taji, na mwaka 1973 alikuwa ameshinda vyote viwili.

La pili ni la Caernarfon, 1979. Majaji wa Taji walipendelea mfuatano wa tungo ambao, bahasha ilipofunguliwa, ulionekana kuwa kazi ya watu wawili: T. James Jones, mshairi wa Kiwelisi, na Jon Dressel, Mmarekani mwenye asili ya Welisi aliyeandika kwa Kiingereza. Kanuni haikuruhusu kazi ya pamoja. Taji likaenda kwa Meirion Evans.

Kwa nje mashauri haya yanafanana: shairi bora limeangushwa na kanuni. Lakini hayapasi kupimwa kwa mizani moja. Ile ya 1976 ilikuwa hukumu ya haki, ingawa iliuma. Jina la bandia ndilo linalompa kila mtu matumaini ya kushindana na walio maarufu, na likishatiliwa shaka mara moja, hakuna atakayeamini tena bahasha zilizofungwa. Heri kumpoteza mshindi mmoja kuliko kuipoteza imani hiyo. Kanuni ya 1979 ililinda kitu kingine kabisa, nacho ni dhana kwamba shairi hutoka katika kifua kimoja. Dhana hiyo haina ushahidi mkubwa katika historia ya ushairi wa nchi yoyote. Majaji walisoma maneno ya Kiwelisi, wakayaona bora kama Kiwelisi, na hapana Mmarekani aliyewapangia sauti zake. Anayehamisha shairi kutoka lugha moja kwenda nyingine hupoteza kila kitu cha asili ila maana, kisha hulazimika kuumba upya sauti, pumzi na uzito. Kumwita nusu mtunzi ni kutoijua kazi. Kamati ilikuwa na haki ya kuishika kanuni iliyoandikwa. Kanuni yenyewe ndiyo iliyostahili kushitakiwa.

Lakini mashauri yote mawili yaliwekwa wazi. Watu walijua nani kaondolewa na kwa nini, wakabishana kwa miaka. Tofauti yake ni yale ya Pontypridd, 2024, ambayo uamuzi wake ulikuwa wa wasimamizi wa tamasha, si wa Gorsedd. Shindano la Medali ya Tamthilia lilifutwa baada ya majaji kumaliza kazi yao, na siku ile hakuna sababu iliyotolewa. Waandishi wakadai maelezo hadharani. Sababu ikikosekana, hata hukumu iliyo sahihi haina pa kusimama, na swali la upanga likiulizwa baada yake huwa mzaha.

Yako mengine ambayo mshairi wa Kiswahili angeweza kuwaonea wivu wenzake hao. Kiti hutolewa kwa utungo wa sheria kali. Katika kila mshororo wa cynghanedd sauti hupangwa zijibizane, na katika baadhi ya mitindo yake mikuu konsonanti za nusu ya kwanza hurudiwa kwa mpango uleule katika nusu ya pili. Juu ya hayo yako maumbo 24 yaliyopangwa tangu karne za kati. Mwenye kulalamikia mizani 8 kwa 8 na vina vya kati angelala salama akijua wenzake wanabeba nini. Taji nalo hutolewa kwa utungo usiofungwa na sheria hizo. Enzi ni mbili, siku ni mbili, na zote hufunikwa na upanga uleule. Mtu huweza kuzipata zote, kama T. H. Parry-Williams alivyofanya 1912 na tena 1915, wala hakuna aliyemwambia achague upande.

Ukiukumbuka ugomvi wa washairi wa Kiswahili baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, utaona kilichokosekana. Upande mmoja walisimama walioshika Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi, wakisema kisicho na vina na mizani si shairi. Upande wa pili wakasimama waliosema vina ni pingu. Pwani inayo mila ya kale ya kujibizana: Muyaka alirushiana beti na washairi wa Lamu wakati miji yenyewe ikitishiana vita, na beti zilijibiwa kwa beti. Ugomvi wa miaka ya 1970 uliendeshwa kwa nathari, na hoja yake ilikuwa nani afukuzwe kwenye jina la ushairi. Kwa kuwa kiti kilidhaniwa kuwa ni kimoja, kila aliyekaa alimwona mwenzake mnyang'anyi. Welisi hawakuumaliza ubishi wa namna hiyo, maana bado wanabishana kila Agosti. Waliongeza kiti.

Bei ya amani yao hulipwa na walio nje ya lugha. Kanuni ya Kiwelisi tupu ilianza kutumika Caerphilly mwaka 1950, na bila hiyo tamasha lingemezwa na Kiingereza kama mengine yalivyomezwa. Lakini Dylan Thomas, Mwelisi anayejulikana sana duniani, hakuwa na kiti cha kushindania pale, wala R. S. Thomas, aliyejifunza Kiwelisi ukubwani, akakiandikia nathari, ila ushairi ukamjia kwa Kiingereza. Ni ukatili mdogo unaozuia ukatili mkubwa. Anayeona jinsi Kiswahili kinavyosukumwa pembeni kwenye vikao vya wakubwa hatauhukumu haraka.

Limebaki swali la mwanzo: je, umma unaweza kujibu vingine? Inafaa kuutazama mwaka 1917. Tamasha lilikuwa Birkenhead, Septemba, na Waziri Mkuu David Lloyd George alikuwepo. Jina la bandia la mshindi liliitwa mara tatu na hakuna aliyesimama. Ndipo Mdruidi Mkuu, Dyfed, akatangaza kwamba mshindi ni Ellis Humphrey Evans, mchunga kondoo wa Trawsfynydd aliyejiita Hedd Wyn, na kwamba aliuawa vitani Flanders tarehe 31 Julai. Kiti kilifunikwa kitambaa cheusi. Kilichongwa na Eugeen Vanfleteren, Mbelgiji aliyekimbia vita hivyohivyo. Jina lenyewe la mshairi lina neno la amani ndani yake. Hapo ndipo Welisi ilipojua kwamba kuna jibu la nne, nalo ni kimya, na tangu siku ile hakuna anayeitikia wito wa upanga bila ya kiti hicho kuwa nyuma ya sauti yake.

Meirion Evans, aliyevikwa Taji lile la 1979, alikuwa Mdruidi Mkuu kuanzia 1999 hadi 2002. Dic Jones, aliyenyimwa Kiti cha 1976, alichaguliwa baadaye na akausimamia upanga huko Cardiff mwaka 2008. Alifariki Agosti 2009, kabla muhula wake haujatimia. Aliyepewa nafasi yake ni T. James Jones.